Uji Unapoganda na Mtoto Asiyeshiba

Kiswahili kina neno moja, kuganda, kwa mambo mengi. Maji huganda yakawa barafu, maziwa huganda ndani ya kibuyu, damu huganda juu ya jeraha, na uji uliosahauliwa mezani huganda hata kijiko kikasimama wima. Mtu akiyatazama mambo hayo kwa haraka atadhani yote ni jambo moja. Sivyo. Barafu ni maji yenyewe yaliyogeuka kuwa kitu kigumu kwa ajili ya baridi. Lakini katika bakuli la uji mzito, sehemu 8 au 9 katika kila sehemu 10 ni maji yale yale yaliyotekwa kisimani, nayo yamebaki kuwa maji. Kilichobadilika ni kwamba yamefungwa, wala hayawezi tena kutiririka. Ni nani aliyeyafunga, na kwa kamba gani? Swali hilo si la wataalamu wa maabara peke yao. Ni swali la kila nyumba yenye mtoto aliyefikisha miezi 6, na jibu lake laweza kusaidia kuamua kama mtoto huyo atakua vema au atadumaa.

Mahali pazuri pa kulitazama swali hili ni Nagongera. Huu ni mji mdogo wa Wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, uliopo upande wa magharibi wa mji wa Tororo, kando ya reli itokayo mpaka wa Kenya kuelekea Jinja na Kampala. Wakazi wake wengi ni Wajopadhola, nao ni wakulima wa ulezi, ambao ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, huitwa wimbi. Hulima pia muhogo, mahindi, mtama na karanga. Unga wa ulezi husongwa, mara nyingi ukiwa umechanganywa na unga wa muhogo, na watoto hupikiwa uji wa unga huo huo. Tena kutokana na ulezi hupatikana malwa, pombe inywewayo kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, ambayo jirani zao Waiteso huiita ajono. Basi katika vijiji hivyo hukutana vitu viwili vilivyo kinyume: unga ambao hugandisha, na kimea ambacho hugandua. Cha kwanza huenda kwa mtoto, cha pili huenda kwa wanywaji. Makala haya yanaeleza kwa nini kijiko kimoja cha hicho cha pili kingefaa kigeuze njia.

MINYORORO ISIYOONEKANA

Mwaka 1861 Thomas Graham, mwanasayansi wa Uskochi, alichunguza jinsi vitu vilivyomo majini vinavyopenya ngozi nyembamba. Aliona kwamba chumvi na sukari hupenya upesi, bali vitu kama gundi na wanga hukwama. Ni yeye aliyekipa kitu laini chenye maji yaliyofungwa jina la jeli. Sababu ya kukwama huko haikujulikana mpaka karne ya 20. Mwaka 1920 Hermann Staudinger, Mjerumani, alitoa hoja kwamba vitu hivyo vimeundwa kwa molekuli ndefu mno, zilizoungana mfano wa mnyororo wenye pete mamia au maelfu. Wataalamu wengi wa wakati wake walimpinga, lakini ushahidi ukazidi kumwunga mkono, na mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Minyororo hiyo huitwa polima. Mpira, pamba, nailoni, nywele za kichwani na protini za nyama ni polima. Wanga nao ni polima, na pete za mnyororo wake ni sukari iitwayo glukosi.

Katika unga mkavu, minyororo ya wanga imekunjwa na kushindiliwa ndani ya chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Iko minyororo ya aina mbili. Amilosi ni mrefu na mwembamba, karibu usio na matawi. Amilopektini ni mkubwa zaidi, nao una matawi mengi kama mti. Unga ukitiwa katika maji baridi na kukorogwa, chembe huelea kidogo kisha hutua chini, wala maji hayawi mazito. Lakini sufuria ikipata joto la kati ya nyuzi 60 na 75 za Selsiasi, chembe hulegea, hufyonza maji, huvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa awali, na kuanza kusongamana. Kila mpishi aijua dakika hiyo, kwani ndipo mwiko unapokuwa mzito mkononi kwa ghafula. Wakati huo huo sehemu ya amilosi huvuja kutoka ndani ya chembe na kuenea katika maji.

Sufuria ikiteremshwa na kupoa, jambo la pili hutokea. Minyororo iliyokuwa ikirukaruka kwa joto sasa hutulia, hukaribiana, na hapa na pale hulala sambamba na kushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kila mahali iliposhikana ni fundo. Mafundo yakiwa mengi, wavu mmoja hutanda kutoka ukingo hadi ukingo wa bakuli, na maji hubaki yamefungiwa katika matundu yake. Hiyo ndiyo jeli. Mpishi hatii kitu kigeni chochote ili uji ugande, maana kamba zilikuwa ndani ya unga tangu shambani.

Ndiyo maana nafaka na mizizi haigandi kwa namna moja. Wanga wa mahindi una amilosi kiasi cha robo, hivyo posho ya kambini ikilala huamka ngumu, inakatika vipande, tena imetoa majimaji pembeni kwa sababu minyororo imeendelea kushikana usiku kucha na kuyakamua maji. Wanga wa muhogo una amilosi kiasi cha moja kwa tano au pungufu, nao hubaki wa kunata na kuvutika. Sifa hiyo ndiyo iliyoufanya wanga wa muhogo upendwe kwa kupigia nguo pasi. Maji ya muhogo yaliyochemshwa huingia katika nyuzi za kaki, pasi huyakausha, na minyororo iliyoshikana huisimamisha mikunjo ya sare mbele ya mkaguzi wa gwaride.

SHERIA YA GWARIDE

Limebaki jambo moja la ajabu. Kwa nini kitu kiminikacho kigeuke ghafula kuwa kitu kisichomiminika? Aliyelipatia jibu la hesabu ni Paul Flory, mwanakemia wa Marekani, katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1941. Mwaka 1974 naye alipewa Tuzo ya Nobel. Hesabu yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa uwanja wa gwaride.

Fikiri vikosi vingi uwanjani, kila kimoja kina askari 100 walioshikana mikono katika mstari mmoja. Kila mstari ni mnyororo. Mistari ikipita huku na huku bila kugusana, uwanja mzima unatembea, kama maji yanayotiririka. Sasa kila kikosi kipewe amri kwamba askari wake mmoja amshike mkanda askari wa kikosi kingine. Mwanzoni vikosi viwili vitaungana hapa, vitatu pale, na mwendo utazidi kuwa mzito, lakini bado watu watatembea. Ikifika wastani wa askari mmoja katika kila kikosi aliyeunganika na kikosi kingine, ndipo kundi moja linapoanza kuenea kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili. Kuanzia hapo ukimvuta mmoja kwenye kona ya kaskazini, mvuto wasikika hadi kona ya kusini. Hakuna aliyeamuru uwanja usimame. Umesimama wenyewe, na fundo la mwisho lililoleta badiliko hilo halikuwa na nguvu kupita yaliyolitangulia.

Katika mfano huo yamo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba minyororo ikiwa mirefu, mafundo machache sana yatosha. Katika watu 100, mmoja tu ndiye aliyehitajika. La pili ni kinyume chake, nalo ndilo kiini cha habari hii. Ikiwa kila kikosi cha watu 100 kitakatwa kuwa vikundi 10 vya watu 10, na mafundo yakabaki yale yale, kutakuwa na fundo moja kwa vikundi 10, ambapo sasa panahitajika fundo kwa kila kikundi. Wavu utaanguka. Idadi ya askari haikupungua hata mmoja, ila uwanja sasa unatembea tena. Kwa maneno mengine, ili kuugandua uji si lazima kuupunguza unga wala kuuongeza maji. Yatosha kuikata minyororo.

Sheria hii haihusu sufuria peke yake. Katika lita moja ya maji ya damu mna kiasi cha gramu 2 hadi 4 za protini iitwayo fibrinojeni, inayoogelea bila kushikana. Mshipa ukikatika, mwili huiamsha protini hiyo ikawa nyuzi, nyuzi hushikana, na wavu hutanda juu ya jeraha na kuzuia damu. Kwa hiyo askari anayemhudumia mwenzake na alikandamize jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kulegeza, wala asifunue kila mara kutazama kama damu imekoma. Kila afunuapo anaweza kuuchana wavu ambao ndio kwanza umeanza kusukwa. Mwani unaolimwa Zanzibar, katika pwani ya mashariki ya Unguja ambako kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989, nao hutafutwa kwa sababu ya polima yake igandayo, ambayo huingizwa viwandani katika vyakula na dawa za meno.

TUMBO DOGO, BAKULI KUBWA

Sasa na turudi kwa mtoto. Tumbo la mtoto mchanga hubeba kiasi cha gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 basi hubeba kama gramu 240, yaani kikombe kimoja. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri huhitaji kilokalori 200 hivi kwa siku kutoka katika chakula cha nyongeza, wa miezi 9 hadi 11 huhitaji 300, na wa miezi 12 hadi 23 huhitaji 550.

Mama hupika uji, nao ukipoa huganda. Mtoto hana meno ya kutosha, ulimi wake haujazoea, naye humwaga nje kila kijiko. Mama afanyeje? Huongeza maji mpaka uji umiminike. Lakini ili uji wa kawaida unyweke kikombeni, inafaa unga uwe kama sehemu 5 tu katika kila 100. Gramu 100 za uji huo zina kilokalori zipatazo 17. Ili mtoto wa miezi 7 apate kilokalori 200 itambidi anywe zaidi ya kilo moja ya uji kwa siku, ambayo ni kulijaza tumbo lake zaidi ya mara nne, mbali na maziwa ya mama. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu angehitaji zaidi ya kilo 3. Haiwezekani. Mtoto hushiba maji, hulala, huamka akilia, na majirani husema ana ulafi au amelogwa. Kumbe ana njaa huku tumbo limejaa.

Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi uliofanywa Uganda mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, yakiwamo maradhi, maji machafu na umaskini, wala si haki kuutwisha uji lawama yote. Lakini uji mwepesi ni mojawapo ya sababu ambazo familia yaweza kuziondoa jikoni mwake yenyewe.

KIMEA KINACHOGANDUA

Punje ya ulezi ikilowekwa na kuchipua, mche mdogo ulio ndani yake huhitaji chakula kabla haujapata majani ya kujilisha. Chakula chake ni wanga wa punje, uliofungwa katika minyororo mirefu. Basi punje hutengeneza kitu cha kukatia minyororo hiyo. Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitenga kitu hicho kutoka katika kimea mwaka 1833, na kikawa kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi. Leo huitwa amilesi. Hufanya kazi kama mkasi, na mkasi mmoja hukata minyororo mingi mno bila wenyewe kwisha. Ndiyo sababu kimea kidogo chatosha sufuria nzima.

Watengenezaji wa malwa waujua uwezo huo kwa mazoea ya vizazi vingi. Hutia kimea ili wanga wa ulezi ukatwe uwe sukari, kisha hamira huila sukari hiyo na kutoa kileo. Kazi ya kimea ni ile ya kwanza tu. Bila hamira na bila siku za kuchacha, hakuna pombe.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliuchukua ujuzi huo na kuutafutia kazi nyingine. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba uji wenye unga hadi sehemu 20 katika kila 100, ambao kwa kawaida ni mzito mno kwa mtoto, huweza kumiminika ukitiwa kimea kidogo. Katika miaka hiyo ya 1980 akina mama wa vijiji vya Mkoa wa Iringa walifundishwa njia hiyo.

Faida yake yahesabika. Gramu 100 za uji wa sehemu 20 zina kilokalori 70 hivi, mara nne ya ule mwepesi. Mtoto wa miezi 7 atapata kilokalori zake 200 katika gramu 300 pungufu kidogo, yaani milo miwili midogo. Yafaa ikumbukwe kwamba mabakuli hayo mawili, la uji uliozimuliwa kwa maji na la uji uliokatwa kwa kimea, hufanana kabisa kwa macho. Wauguzi huwafundisha akina mama kwamba uji wa mtoto uwe mzito wa kutosha kubaki kijikoni, na kwa uji usio na kimea hilo ni fundisho jema. Kwa uji wa kimea, kipimo si jicho bali ni idadi ya vijiko vya unga vilivyoingia sufuriani.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kimea cha mtoto hutengenezwa hivi. Ulezi uchambuliwe, uoshwe kwa maji safi na kulowekwa usiku mmoja. Asubuhi maji yamwagwe, punje zitandazwe juu ya chombo safi, zifunikwe kwa kitambaa kilicholowa, na kunyunyiziwa maji safi kila siku kwa siku 2 au 3 mpaka zichipue. Kisha zianikwe juani hadi zikauke kabisa, zifikichwe ili vichipukizi na vijizizi vitoke, zipepetwe, na kusagwa. Unga huo uwekwe katika kopo kavu lenye kifuniko.

Kwa mlo mmoja wa mtoto, vijiko 6 vya chakula vya unga wa kawaida, vilivyosawazishwa, hupikwa katika maji kiasi cha mililita 200 mpaka uive barabara. Utakuwa mzito kama posho laini. Mpishi asiogope. Auteremshe na kuuacha upoe mpaka aweze kuuonja bila kuungua ulimi. Hapo atie kijiko kimoja cha chai cha kimea, akoroge, na kungoja kama dakika 10. Ataona kwa macho yake uji ukilegea na kumiminika, pasipo tone la maji kuongezwa. Baada ya hapo aurudishe jikoni na kuuchemsha tena kwa dakika chache.

Kila hatua ina sababu yake. Kimea hakitiwi katika uji unaochemka kwa kuwa kimeng'enya ni protini, na joto kali huiharibu kabla haijakata chochote. Tena hakitiwi kabla uji haujaiva, kwa kuwa wanga ulio bado ndani ya chembe ngumu haukatiki kwa urahisi. Uchemshaji wa mwisho nao si wa hiari. Unyevu na uvuguvugu unaochipusha ulezi huvistawisha pia vijidudu vya kuhara, na moto ndio uviuao. Uji hautarudi kuganda kama mwanzo, maana minyororo imekwisha kukatwa.

HADHARI

Kimea kilichoota ukungu, hata kidogo, kitupwe, kwa kuwa baadhi ya ukungu hutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mtama usitumike mahali pa ulezi bila uangalifu mkubwa, kwani vichipukizi na mizizi ya mtama uliochipua vina kitu kinachotoa sumu ya sianidi. Ulezi hauna hatari hiyo, nao ndio bora. Unga wa muhogo mchungu usiovundikwa au kulowekwa na kukaushwa sawasawa nao una sumu ya namna hiyo hiyo, na kimea hakiiondoi. Machicha ya malwa si kimea, na kamwe asipewe mtoto.

Wala unga peke yake si chakula kamili. Uji uongezwe karanga au simsim zilizosagwa, maziwa au yai, au mukene waliokaushwa na kusagwa, ambao Tanzania huitwa dagaa na Kenya omena. Mtoto apewe na mboga na matunda, na aendelee kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Mtoto aliyevimba miguu, au ambaye mzingo wa mkono wake wa juu umepungua chini ya sentimita 11.5 akiwa na umri wa miezi 6 hadi miaka 5, asingojewe nyumbani kwa uji wa aina yoyote. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa watu wa Nagongera, kituo cha daraja la nne kipo pale pale mjini.

KAULI YA WAZEE

Kikwazo kikubwa huenda kisiwe kazi ya kuotesha, kwa kuwa katika nyumba zitengenezazo malwa kazi hiyo yajulikana. Kikwazo ni heshima. Si ajabu mama mkwe akamwambia mke wa mwanawe, "Mwanangu, kimea ni cha chungu cha wanaume. Wataka mjukuu wangu akue mlevi?" Naye mke, asije akaonekana mjuaji, akanyamaza na kuongeza maji katika uji.

Jibu la adabu lipo, na halimvunjii mzee heshima. "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kuotesha ulezi. Nakuomba unioteshee kibaba kimoja pembeni, kisafi, kisichoguswa na hamira. Nitaupika uji mzito mbele yako, nikitie, nawe utazame." Mzee akiona uji mzito ukilainika katika dakika 10 bila maji, kisha akauonja na kuukuta mtamu kidogo bila ukali wa kuchacha, hatahitaji hesabu za Flory. Utamu huo ni sukari ndogo ndogo zilizokatwa kutoka katika minyororo. Kileo hakimo, kwa kuwa hapakuwa na hamira wala muda wa kukitengeneza.

Baba naye ana sehemu yake. Askari aliyepangwa lindo mbali na nyumbani hawezi kukoroga sufuria, lakini aweza kuhakikisha kwamba katika fedha za mwezi limetengwa fungu la ulezi safi, karanga na kuni za kuchemsha uji mara ya pili. Arudipo likizo aweza kuuliza swali zuri kuliko lile la mazoea, "Mtoto amekula?" Na aulize, "Vijiko vingapi vya unga vimeingia katika uji wake leo?" Asiulize kama mtu anayepeleleza kosa, bali kama mzazi mwenza. Mtoto aliyekula mara tatu uji wa maji na mtoto aliyekula mara mbili uji wa kimea, wote wawili wamekula. Tofauti yao itaonekana kwenye mizani ya kliniki kabla haijaonekana usoni, na ndiyo sababu kadi ya uzito haifai kukaa sandukuni.

Gunia la ulezi lililopo nyumbani halihitaji kuongezwa ili jambo hili lifanyike. Linahitaji kibaba kimoja kitengwe, kichipuliwe kwa usafi, na kiwekwe katika kopo lake, mbali na chungu cha malwa.